Mzee Ambindwile Mwasomola, Bwana Shamba wa Kijito cha Kagisi (1943–1997)

Marehemu Ambindwile Mwasomola alizaliwa tarehe 12 Mei 1943 hapa Masoko. Alilelewa pamoja na kaka yake Jotham na dada yake, marehemu Felista.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane mwaka 1959, kisha akasomea kilimo Mbeya. Kuanzia 1964 alikuwa bwana shamba wa vijiji vyetu, na baiskeli yake aliisukuma zaidi ya alivyoipanda, kwa sababu ya milima.

Tulifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1970. Mimi mkewe, Tupokigwe, sikusoma. Haya nimeyasema, binti yetu Atupele ameyaandika.

Alipofundisha wakulima alinichukua nimsaidie. Aliazima sinia zangu mbili za harusi, akazijaza udongo na kuziinamisha. Moja aliiacha tupu, nyingine akaifunika nyasi na majani yaliyooza. Mimi nilimwaga maji kwa birika. Sinia tupu ilitiririsha tope papo hapo. Ile nyingine ilidondosha maji safi, polepole. Wakulima walimtania, "Bwana shamba, mama anakupendelea upande wa nyasi!" Naye aliniambia, "Mama, mwaga sawasawa, wasiseme tunawadanganya." Kisha alieleza: mti hunywa mvua na kuirudisha angani kidogo kidogo, hula hewa ukajenga mwili, na majani yake yakioza hulisha udongo. Ukiuchoma mkaa, kilichojengwa miaka thelathini kinarudi hewani kwa siku chache, na udongo unabaki uchi.

Mwaka 1993 serikali ilipunguza wafanyakazi, akarudi nyumbani. Kahawa ilikuwa imeingia mikononi mwa wanunuzi binafsi, na malori ya mkaa yalifika mpaka hapa. Mwaka uliofuata alikata miti yote ya mteremko ulio juu ya kijito cha Kagisi, akaichoma mkaa. Nilimwambia, "Baba Atupele, hiyo sasa ndiyo sinia tupu." Akanijibu, "Mama, wewe pika."

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 17 Aprili 1995, maji ya mvua ya siku mbili yaliteremka yote kwa pamoja. Kijito kilibomoa nyumba ya Felista, naye akafa maji.

Kwenye kikao cha ukoo shemeji Jotham alimwuliza mume wangu, "Msomi wetu, maji yamepandaje?"

Marehemu alitazama chini. "Kandokando palilimwa mno."

Kandokando palikuwa na magimbi yangu tu. Hakunitaja, wala hakuhitaji. Kikao kiliniamuru kuyang'oa, na ndiyo yaliyokuwa yameshika ukingo, nikakatazwa kupanda kitu pale tena. Tangu siku hiyo nimeitwa mwanamke aliyemwua wifi yake. Kwetu Isongole sikuweza kurudi, maana baba angedaiwa ng'ombe wa mahari, na alikwisha kuwatoa kumwolea kaka yangu mke. Nikabaki kwenye nyumba ile ile, mteremko mtupu nyuma, maji mbele, nikampikia.

Septemba 1996 alianza kuugua kifua. Januari, akiwa wodini, alinishika mkono. "Mama Atupele, nikitoka nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

"Habari ya sinia."

"Mimi niliijua. Si ndimi niliyekuwa namwaga maji?"

Alicheka mpaka akakohoa. Hakutoka. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 1997, alfajiri.

Alikuwa mwalimu mzuri, na alichofundisha kilikuwa kweli. Alichoahidi kuwaambia nimekisema mimi, kabla hajafunikwa udongo.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu watatu, kaka yake Jotham, na mteremko usio na mti hata mmoja. Shemeji Jotham, masika ni mwezi ujao, na mimi bado naishi chini ya mteremko huo. Mbele ya jeneza la mdogo wako naomba ruhusa ya kurudisha magimbi yangu ukingoni.

Mungu amlaze pasipofikiwa na maji.