Mzee Wekoye na Maua ya Gitaa Aliyoyaonea Wivu

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Mzee Patrice Wekoye atavua aproni yake katika Karakana ya Nyuzi Sita, hapa Kitale, baada ya miaka ishirini na minane ya kutengeneza maua ya gitaa. Kwa wageni wetu ambao hawajui ua la gitaa ni nini: ni ule mviringo wa mapambo unaozunguka tundu, chini ya nyuzi. Wengi hudhani limechorwa. Halijachorwa. Ni vijipande vya mbao za rangi mbalimbali, vyembamba kuliko njiti ya kiberiti, vilivyopangwa kimoja kimoja na mtu mwenye subira. Mzee Wekoye hana subira hata kidogo. Alicho nacho ni wivu, na kwa kuwa nimeombwa niandike ukweli, nitaandika juu ya huo wivu.

Mimi ni Kui wa vanishi. Meza yangu iko katikati ya meza ya Mzee na ya Dinah Kibiwott, fundi mwenzake wa maua, kwa hivyo yote nitakayosimulia juu ya hao wawili nimeyaona nikiwa na brashi mkononi.

Mzee Wekoye alitoka Sirisia akiwa seremala wa vitanda na mabenchi ya kanisa. Mzee Gachanja, mwenye karakana, alimwajiri akate mbao tu. Siku hizo magitaa yetu yalibandikwa stika ya karatasi kuzunguka tundu, na hakuna aliyelalamika. Kisha padri mmoja akaleta gitaa la ng'ambo lililopasuka mgongo. Wekoye alipitisha ukucha juu ya ua lake akitafuta ukingo wa karatasi, asiupate. Gachanja hupenda kusimulia jinsi Wekoye alivyokuja asubuhi iliyofuata macho yakiwa mekundu.

"Kuna mtu mahali ana mikono miwili kama yangu," alisema, "na amefanya hii. Mimi nafanya vitanda."

Hakujua jina la mtu huyo wala nchi yake, lakini alimwonea wivu kama jirani aliyevuna mapema. Akaomba mabaki ya mbao: mpingo kwa weusi, mtarakwa kwa wekundu, mlimau kwa weupe. Akajifunza kugandisha vijiti kwa gundi hadi viwe kigogo kimoja kidogo, halafu kukikata vipande vyembamba kama mkate, kila kipande kikitoka na picha ileile usoni. Ua lake la kwanza lilifanana na kikapu kilichotafunwa na mbuzi. La pili halikuwa afadhali. Baada ya misimu kadhaa ya kupanda na kuvuna, alitoa ua la mahindi: punje zimejipanga safu kwa safu kuzunguka tundu, za dhahabu na nyeupe, ungetaka kuzipukuchua. Tangu hapo stika zilitupwa, na magitaa ya Nyuzi Sita yakaanza kutambulika kanisani hata na mtu aliyeketi nyuma kabisa.

Hapo angetulia mtu mwingine. Yeye alizidi. Aligeuza meza yake ili atupe mgongo. Akitoka kunywa chai, alifunika kazi kwa kitambaa. Mkewe, mama Pauline, amenieleza kwamba wakienda ibada Bungoma yeye huwa hasikii wimbo. Anaangalia tundu la gitaa la kwaya. Likiwa na ua la fundi mwingine, na likiwa zuri, atasema kichwa kinamuuma.

Kisha akaja Dinah kutoka Cheptais. Aliajiriwa kusugua msasa. Aliomba kufundishwa maua, Mzee akamjibu kwamba maua hayafundishwi. Basi Dinah akajifunza kwa kuokota vipande alivyotupa Mzee, akivitazama dirishani kwenye mwanga. Alipotoa ua lake mwenyewe, halikuwa na mahindi. Lilikuwa ukungu unaoshuka mlimani, mistari ya kijivu na nyeupe inayofifia hadi huoni inaishia wapi. Nililipaka vanishi polepole kuliko kawaida ili nikae nalo.

Mwalimu Hillary Wabwile, anayefundisha kwaya karibu na Mabanga, alifika kuagiza gitaa la tamasha la Krismasi. Alikuja akitaka mahindi, kama yaliyokuwa kwenye gitaa la babake. Akaliona la Dinah mezani kwangu.

"Hili ni la nani?" akauliza. "Nataka kama hili."

Mzee Wekoye aliinuka, akaliangalia, akasema, "Ni zuri," kisha akatoka nje akapasua kuni mpaka saa ya chakula. Hakuna aliyekuwa amemwomba kuni.

Dinah alipoanza kulipanga ua la mwalimu, mlimau mkavu ulikuwa umeisha upande wake. Akanunua mwingine. Mzee alipita, akachukua kijiti kimoja akakigusisha mdomoni. Mbao yenye maji ni baridi mdomoni. Hilo sote tunalijua sasa.

"Dinah, huu mlimau haujakauka," alisema. "Ngoja hadi Februari."

"Mzee, mwalimu anataka gitaa Desemba."

"Jua la Januari litaufungua."

Dinah akaweka chini kisu. "Ni mlimau unakusumbua, Mzee, ama ni mimi?"

Karakana nzima ilicheka, Gachanja akiwa wa kwanza. Mzee alirudia onyo lake siku iliyofuata, safari hii kwa Gachanja mwenyewe, na Gachanja akamwambia kwa upole kwamba wivu wa wazee ni mbaya. Angefanyaje? Alikuwa na wivu kweli, na hakuwa ameuficha hata siku moja. Alirudi mezani akatupa mgongo.

Tamasha lilikwenda vizuri. Kisha kiangazi kikaingia, ule upepo mkavu unaopasua midomo, na mwalimu Hillary akarudi amebeba gitaa kama mtoto mgonjwa. Ukungu wa Dinah ulikuwa umeachana katikati. Palikuwa na nyufa, na kipande kimoja kilitetema kila alipogusa uzi wa besi. Aliupiga uzi huo tukakisikia, kama nzi ndani ya chupa.

"Toeni hili," mwalimu alisema. "Mzee aniwekee mahindi yake. Ndiyo ningechukua tangu mwanzo."

Nilimwangalia Mzee Wekoye. Alifurahi. Siwezi kuandika vingine. Uso ulimng'aa kama wa bwana harusi, na alichukua muda akilipokea lile gitaa kwa mikono miwili. Dinah alikuwa ameinamia meza, anachambua vumbi kwa kidole. Sote tulijua kitakachofuata, na kwa kuwa Mzee alikuwa ameonya mapema, tungemsaidia kuling'oa hilo ua.

Alilizungusha gitaa kwenye mwanga. Alilitazama mpaka mwalimu akakohoa.

"Mwalimu, langu sikuwekei," alisema. "Hili linashinda langu. Nimelionea wivu tangu siku uliyolichagua, usingizi umenikataa, si uulize mama Pauline. Nikilitoa, nitalala, lakini ua zuri litakuwa limekufa kwa sababu ya mbao mbaya."

Akaenda jikoni, kwenye rafu iliyo juu ya jiko, akashusha kifurushi cha magunia ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Ndani mlikuwa na mlimau wake mwenyewe, mkavu hadi unalia kama kengele ukiugonga, aliouhifadhi miaka na miaka kwa ajili ya ua ambalo lingekuwa bora kuliko yote aliyowahi kufanya. Akauweka mbele ya Dinah.

Dinah hakuugusa. "Mzee, ulifurahi," alisema. "Nimekuona."

"Nilifurahi sana. Nimemaliza kufurahi. Leta randa."

Walilitoa ua lililopasuka na kulipanga upya pamoja, yeye akichonga vijiti, Dinah akipanga. Mara moja tu alijaribu kumwelekeza, na Dinah akamwambia maua hayafundishwi. Alicheka hadi akaondoa miwani. Gitaa lilirudi Mabanga, na liko huko mpaka leo, limepita viangazi vingi likiwa zima. Gachanja alimwomba Mzee radhi mbele yetu sote wakati wa chai. Mzee alimjibu kwamba hakukosea sana.

Msidhani alibadilika. Juma lililofuata kitambaa kilikuwa kimerudi juu ya kazi yake. Alianza ua la mahindi yanayochanua, na Dinah alipoliona akaanza la kwake lenye matone ya mvua. Hivyo ndivyo karakana hii ilivyopata sifa huko Bungoma, Eldoret na kwingineko: wawili hawa wakinyimana usingizi. Mimi ninayepaka vanishi ndimi niliyefaidi, ingawa nami nimewaonea wivu wote wawili, maana vanishi ikiwa nzuri hakuna anayeiona.

Tulipomuuliza tumpe zawadi gani, alitaka gitaa, ingawa hajui kulipiga. Tukadhani litakuwa na ua la mahindi, kazi ya mikono yake. Alikataa.

"Langu nalijua," alisema. "Niwekeeni la Dinah. Nikae nalo Sirisia, nilitafutie kosa."

Dinah amekuwa akilitengeneza tangu Agosti, amelifunika kwa kitambaa, na hata mimi nimeliona siku ya vanishi tu.

Mzee Wekoye, asante kwa kila ua, na kwa kuturuhusu tukuone ulivyo. Tunakuombea mvua kwa wakati wake, afya, wajukuu watakaokupigia hilo gitaa, na usingizi mzuri pamoja na mama Pauline. Kosa ukilipata, njoo umwambie Dinah mwenyewe. Amesema atakungoja.