Siku Gari la Bwana Kesho Lilipowaka

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemezwa ukuta wa kinyozi. Miguu yake mitatu inaaminika, wa nne umeshikiliwa na tofali. Mbele ya benchi Mama Kahawa huweka jiko na birika, na mbele ya jiko, pembeni mwa barabara, limeegeshwa gari. Usiliite bovu, mwenyewe atanuna wiki nzima. Ni pikapu ya zamani, ilikuwa ya bluu, siku hizi rangi yake kila mtu husema lake. Mwenyewe anaitwa Bwana Kesho, maana kila akiulizwa gari litatengenezwa lini, jibu ni hilohilo. Asubuhi hiyo, hata hivyo, kesho zilikuwa zimemwishia. Binti yake wa pekee alikuwa anasafiri kwenda kufanya kazi nchi ya mbali, mkataba wa miaka, na basi lake lilikuwa liondoke kabla ya adhuhuri. Baba mtu alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba mwanawe hatakwenda stendi kwa miguu. Akaingia garini, akazungusha ufunguo, na gari likatamka neno moja tu: tak!

— Stata hiyo imechoka — alitangaza Fundi Redio. Kazi yake ni kutengeneza redio, na kwa imani yake chochote chenye waya ni ndugu wa redio.

— Stata haichoki, inachoshwa — alijibu Mzee Breki, aliyeendesha malori mpaka mgongo ukamwambia basi. — Hebu washa taa, halafu zungusha ufunguo. Taa zikififia, umeme haufiki. Zikibaki vilevile, hapo sasa mtukane stata.

Bwana Kesho akafanya hivyo. Taa zikasinzia, zikafa.

— Umeona? Betri hiyo, au nyaya zake.

— Nyie mnahangaika na nyaya — alisema Kinyozi, amesimama mlangoni kwake, taulo begani. — Gari linajua mtoto anaondoka. Limegoma kwa huzuni. Kuna mteja wangu, baiskeli yake ilipasuka tairi siku ileile mkewe aliporudi kwao.

— Si ilichomwa na msumari? — aliuliza Mzee Breki.

— Na huo msumari ulitumwa na nani?

— Jamani, tusikimbilie — alisema Redio. — Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

— Ndiyo maana hili halijikwai — alisema Mama Kahawa huku akipuliza mkaa. — Haliendi!

Wakacheka wote isipokuwa mwenye gari. Alikuwa ameshafungua boneti, ameinamia ndani hadi kiunoni. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukoga mweupe, na ule waya unaokwenda kwenye bodi ulikuwa unacheza kama jino la mtoto. Ugonjwa wenyewe ulikuwa pale, wazi kabisa. Angesafisha vichwa, akakaza waya, akajaribu. Lakini kijiwe kile kina sheria yake, ya siku nyingi: kitu kikiharibika mbele ya benchi, kila mwenye benchi lazima atie mkono, tena wote kwa wakati mmoja. Anayenyimwa zamu hukasirika, na kijiwe hakitaki ugomvi.

Basi Mzee Breki akaomba maji ya moto ya birika amwagie ukoga wa betri.

— Hayo ni ya kahawa — alisema Mama Kahawa.

— Kahawa itangoja. Mgonjwa haulizwi dawa, mama!

— Hiyo methali umeitoa wapi?

— Nimeitoa sasa hivi.

Redio naye akashuka na bisibisi zake, akaanza kufungua plagi ambazo hakuna aliyezituhumu. Kinyozi hakukubali kuachwa nyuma. Alisema gari, kama mtu, likifungwa pua haliwezi kunguruma, akafungua kichujio cha hewa akaanza kukipangusa kwa ustadi, kama anavyopangusa shingo za wateja. Bwana Kesho alikuwa chini ya gari akikaza waya, simu yake ikiwa ndiyo tochi. Ilimulika, ikamulika, mpaka ikapiga mlio wa mwisho, ikazima.

Alipokuwa kule chini akaona viatu viwili vimesimama kando ya tairi. Alivijua kabla havijasema.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, binti yetu! Marahaba, msafiri!

— Baba, toka basi. Stendi ni hapo nyuma ya soko. Twende kwa miguu, tutaongea njiani.

— Mama, hebu kaa hapo kwenye benchi kidogo — sauti ilitoka chini ya gari. — Dakika mbili tu. Leo utapanda mbele, kama mtu na baba yake.

— Sihitaji kupanda mbele, Baba.

— Najua huhitaji. Ni mimi ninayehitaji.

Akakaa. Bwana Kesho aliendelea kukaza waya uliokwisha kukazwa, macho yake yako kwenye vile viatu. Kwenye benchi hilohilo, zamani, vilikuwa viatu vyeusi vya shule, vidogo, havifiki chini, vinaning'inia. Kila alfajiri alimwambia subiri, nakupeleka kwa gari, nawe utashuka getini wenzako wanaona. Mtoto angengoja na begi lake mapajani, kisha miguu ile ingeshuka polepole kwenye benchi na kwenda zake. Yeye angebaki chini ya gari, mikono imejaa grisi, akisema kesho. Roho ilimuuma vibaya. Na kwa sababu ilimuuma, badala ya kutoka, alizidi kukaza.

Shangazi mtu, aliyekuja na binti kumsindikiza, ndiye aliyekata shauri.

— Kaka, saa haziogopi grisi. Mimi na mtoto tunatangulia.

— Tangulieni. Nitawakuta hata mlango wa stendi hamjaufikia.

— Baba — alisema binti. Aliinama mpaka uso wake ukaonekana chini ya bodi, kichwa upande. — Nitakusubiri. Usikawie, eh? Kuna kitu nataka kukuambia kabla sijapanda.

— Niambie sasa.

Akatazama zile jozi tatu za miguu ya wazee zilizozunguka gari, akatabasamu.

— Hapana. Huko.

Viatu vikaondoka, na begi la magurudumu likikwaruza lami nyuma yake.

— Haya! — Mzee Breki alipiga makofi. — Kila mtu afunge alichofungua!

Wakafunga haraka haraka, mikono inagongana, bisibisi zinapotea na kupatikana mifukoni mwa wenyewe. Bwana Kesho akaingia, akasema bismillahi, akazungusha. Gari likakohoa, likakohoa tena, likawaka!

Kijiwe kikalipuka kwa shangwe. Redio alisema ni plagi zake. Breki alisema ni maji yake ya moto. Kinyozi alisema wote wawili wanajisumbua, gari limesikia sauti ya mtoto likaona haya. Nani mkweli hakuna aliyeweza kujua, maana walikuwa wametibu kila kiungo kwa mpigo.

Bwana Kesho hakungoja hukumu. Aliingiza gia, akaondoka, moshi mweusi ukimfuata mpaka ukaficha duka la kona.

Lakini njia ya kwenda stendi ina mlima. Si mlima wa kutisha, wauza maji huupanda kila siku wakipiga mluzi. Gari lilifika nusu yake likaanza kuvuta pumzi kama mgonjwa wa kifua. Alikanyaga mafuta, likapunguza. Akakanyaga zaidi, likazima. Akawasha, likawaka, likazima. Mwishowe akaliacha lirudi nyuma lenyewe, taratibu, breki mguuni, mpaka likasimama palepale lilipotokea, mbele ya jiko la Mama Kahawa.

Hapo angeshuka akakimbia. Angewahi, mbona. Baadaye ndilo jambo alilolifikiria kuliko yote. Lakini gari lilikuwa limewaka, na mtu ambaye gari lake limewaka baada ya miaka hawezi kuamini kwamba bado miguu ndiyo mwendo.

— Pampu ya mafuta — alisema Redio. — Haba na haba hujaza kibaba, sasa yako haijazi.

— Moshi wake mweusi — alisema Mzee Breki, na safari hii hakutania. — Moshi mweusi maana yake mafuta mengi, hewa haba. Linakabwa.

— Linakabwa na nini? — aliuliza Bwana Kesho.

— Mimi nasema huo mlima — alisema Kinyozi. — Mlima ule haupendi magari ya bluu. Mimi nimeona. Lile lori la...

— Kinyozi — alikatiza Mama Kahawa. — Taulo yako iko wapi?

— Begani.

— Begani hakuna kitu.

Kinyozi akajipapasa bega moja, akajipapasa la pili. Akageuka kutazama kamba anayoanikia taulo zake. Kisha akatazama boneti, na uso wake ukabadilika.

— Nilipokuwa napangusa — alisema polepole — niliichomeka mdomoni mwa kile kichujio. Vumbi lisiingie ndani. Halafu mkasema fungeni...

Hakuna aliyemtukana. Bwana Kesho alifungua mwenyewe, akaivuta. Ilitoka ndefu, nyeupe iliyogeuka nyeusi, inanuka petroli. Kinyozi akaipokea kwa mikono miwili.

— Nisamehe, ndugu yangu.

— Si kitu — alisema Bwana Kesho. — Si kitu. Bado tunawahi.

Akawasha. Wallahi, gari lile lilinguruma siku hiyo kama lilivyotoka kiwandani. Mlio mmoja, laini, hauna kikohozi wala kigugumizi. Mama Kahawa aliacha kupuliza mkaa ili asikilize. Mzee Breki aliweka kiganja juu ya boneti akafumba macho. Bwana Kesho alifuta mikono kwa suruali, akafunga mlango, akafungua dirisha, akacheka peke yake.

Alipotaka kuondoka, njia ilikuwa imezibwa na mkokoteni. Mwenyewe hakuwa mtu wa mtaa ule, alikuwa anateremka mlima, mkokoteni mtupu, jasho limemlowesha.

— Samahani, mzee, napita. Eh, mama, kikombe kimoja, koo limekauka. — Akaegesha mkokoteni ukingoni, akaketi kwenye benchi akashusha pumzi. — Gari zuri. Linasikika kama jipya.

— Unatoka stendi? — aliuliza Mzee Breki, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyetaka jibu.

— Hukohuko. Nilimkuta binti mmoja njiani na mama mtu mzima, begi lao limeng'oka gurudumu. Nikawabebea. Mwema yule binti, ana adabu. Lakini bwana, kaniacha na maswali. — Akapokea kikombe, akapuliza. — Basi limepiga honi, abiria wote wamekaa, yeye kasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja chini. Kondakta anamwambia panda dada, yeye anasema ngoja kidogo, bado kidogo. Anaangalia mlima huu. Mama yule anamshika bega, anamwambia mwanangu, hatakuja. Yeye anasema anakuja, hajawahi kuniambia leo, siku zote huniambia kesho. Leo kaniambia leo.

Gari lilikuwa likinguruma, laini.

— Lile basi likaondoka hivyohivyo — alisema mwenye mkokoteni. — Dereva kachoka kungoja. Binti kavutwa ndani na kondakta, kichwa bado kiko dirishani kinatazama huku.

Mzee Breki alikwenda kwenye dirisha la gari, akaingiza mkono, akazima injini. Bwana Kesho hakumzuia. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani, na machozi yalimtoka mbele za watu bila yeye kujaribu kuyaficha. Redio alitazama bisibisi zake. Kinyozi aliikunja ile taulo, akaikunjua, akaikunja tena.

Mwenye mkokoteni akanywa funda, akatikisa kichwa.

— Sasa mimi najiuliza njia nzima. Alikuwa anamsubiri nani?

Kijiwe chenye jibu la kila kitu kikatazama jiko. Akawatazama mmoja mmoja, akadhani hawakumsikia, akauliza tena.