Verna Pawliuk, Aliyewasimamisha Mashabiki Nje ya Kiwanja

Padre Bohdan, ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Ostrander, wageni mliotoka mbali na theluji yote hii, na ninyi mliokuja na jezi za bluu za Korongo, timu yetu ya hoki, kwa kuwa mwenyewe alikataza asizikwe na watu waliovaa nyeusi tupu, familia ya Pawliuk inawasomea maisha ya Verna, mke, mama, bibi, kinyozi na shabiki, kama alivyoyaishi, bila kuyapaka rangi.

Verna alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Februari 1947, katika shamba la ngano la wazazi wake, Wasyl na Paraskeva Hnatiuk, maili sita kaskazini mwa Ostrander, Saskatchewan, akiwa mtoto wa nne na binti wa pekee kati ya watoto watano, na marehemu mama yake alipenda kusimulia kwamba mkunga alipofika, kaka zake walikuwa wakicheza hoki juu ya bwawa la ng'ombe lililoganda, wakampisha apite, kisha wakaendelea na mechi yao bila hata kuuliza anakwenda kwa nani.

Alianza masomo Septemba 1953 katika shule ya msingi ya Zoria, akaendelea na sekondari hapa mjini na kuhitimu Juni 1965, na kwa kuwa wakati huo wasichana hawakuwa na timu, kaka zake walimweka golini, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyetaka kusimama, akasimama huko akizuia kisahani, kile kidude cha mpira kinachopigwa kwa fimbo za hoki, hadi kikamng'oa jino la mbele akiwa darasa la sita, na baba yake alipotaka kumpiga marufuku kabisa, Verna alimjibu huku damu ikimtoka mdomoni, "Jino limetoka, baba, lakini kisahani hakikuingia."

Baada ya hapo alisomea ususi na unyozi mjini Saskatoon, na tarehe 3 Aprili 1967 akafungua saluni yake pale mtaa wa Reli, akaiendesha mwenyewe hadi alipostaafu mwaka 2012, na katika miaka yote hiyo hakuna kichwa cha Ostrander ambacho hakikupita mikononi mwake, wakulima, wauguzi, wachezaji, hata waamuzi aliowapigia kelele Ijumaa aliwanyoa Jumatatu, na hakuna aliyewahi kukatwa sikio.

Jumamosi tarehe 5 Oktoba 1968, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Metro Pawliuk, fundi wa matrekta, ambaye tunaye hapa mbele, na fungate lao lilikuwa fupi kuliko la mtu yeyote tunayemfahamu, kwa sababu Korongo walikuwa wanafungua msimu nyumbani wiki ile ile, na bibi harusi alisema milima ya Banff haiendi popote. Mungu aliwajalia watoto wawili, Larysa, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1970, na Taras, aliyezaliwa tarehe 23 Januari 1973, ambaye baadaye aliichezea Korongo katika ulinzi kwa misimu miwili, akizomewa na mama yake kila alipopoteza kisahani, na akipikiwa na mama huyo huyo kila aliporudi nyumbani.

Sasa tunafika mahali ambapo wengi wenu mlikuwepo, na ambapo familia haitaki kupita haraka.

Korongo, kwa mgeni asiyejua, si timu ya tajiri, ni timu ya vijana wasiozidi miaka ishirini, mali ya mji mzima, na kila mwenye tiketi ya msimu ana kura yake. Mwaka 2005 kura hizo zilimchagua Metro kuwa mwenyekiti, na mwaka 2008 Metro na wenzake wakamleta kocha Garth Lindqvist, na tangu hapo mambo yakaanza kwenda mrama, wachezaji wazuri wakabadilishwa kwa ahadi, vijana wa hapa wakaachwa benchi hadi wakahama, timu ikafundishwa kujilinda tu kama mtu anayeogopa mvua ndani ya nyumba yake, na kila iliposhika mkia, kocha alilaumu barafu, uongozi ulilaumu majeruhi, na mwaka uliofuata wakaongezeana mkataba.

Pale saluni hakukuwa na mazungumzo mengine. Orville Tkachuk, mwuza mbegu, alikuwa akikaa kitini na kuanza kabla hata hajafungwa kitambaa shingoni, "Verna, mwambie mumeo amfukuze yule mtu, wewe ndiye unayelala na mwenyekiti, sisi hatumpati," na Verna alikuwa akimjibu, "Orville, mimi hapa nakata nywele, sikati rufaa, tulia nisikutoboe," lakini wanaomjua wanajua kwamba maneno yale yalikuwa yakimchoma, kwa sababu aliona kama wao walivyoona, na jioni alikula meza moja na mwenyekiti. Alijaribu kumwambia kwa upole, akamwambia wakila supu, akamwambia ndani ya gari, na Metro, ambaye si mtu mbaya ila hajawahi kurudi nyuma hata trekta ikizama tope, alimjibu kila mara, "Mpe muda, mama Taras, timu inajengwa."

Ijumaa tarehe 14 Januari 2011 Korongo walifungwa tisa bila nyumbani, baadhi ya mashabiki wakawazomea vijana wale hadi golikipa akatoka analia, na baada ya mechi kocha Lindqvist alisema redioni kwamba watu wa Ostrander hawajui hoki, na kama hawaipendi timu wakae nje. Verna alizima redio, na kesho yake saluni ilikuwa imejaa kama siku ya mnada. "Wangapi mliwazomea wale watoto jana?" akauliza. "Msirudie. Wale ni wanetu, wanatumwa na wakubwa. Ukitaka kuzomea, mzomee mtu mwenye ndevu. Kocha kasema tukae nje, basi tutakaa nje, tena kwa heshima."

Ndivyo ilivyokuwa, mechi iliyofuata, katika baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, mji mzima ulikuja na tiketi zake mkononi na kusimama nje ya kiwanja, mapipa ya moto yakiwaka, masufuria ya supu moto ya borshi yakipita, wakaimba nyimbo za timu kwa sauti ili vijana ndani wasikie kwamba hawakuachwa, huku viti vyote vikiwa vitupu mbele ya kocha na uongozi. Mwenyekiti alitoka na koti lake la klabu, akamkuta mkewe mbele ya umati.

"Verna, ingia ndani, utaganda."

"Nimezaliwa Februari, Metro, sigandi."

"Unaniaibisha mbele za watu."

"Nimekwambia nyumbani miaka mitatu, hukusikia. Labda huku nje kuna sauti zaidi."

Kipindi cha pili kilipoanza waliingia wote, wakasimama na kuwapigia makofi vijana mpaka mwisho, na Korongo walifungwa tena, lakini kwa bao moja tu.

Alhamisi tarehe 12 Mei 2011 mkutano mkuu ulifanyika katika ukumbi ulio chini ya kanisa hili, ukajaa hadi ngazini, na ilipofika nafasi ya wanachama kusema, wengi walimtazama Verna na wengi walimwonea huruma, kwa sababu walijua anachokiweka mezani si tiketi, ni ndoa yake. Alisimama, akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, nimelala kitanda kimoja na wewe miaka arobaini na miwili, sijawahi kukudanganya na leo sianzi. Ulipewa timu ya watu, umeigeuza siri ya watu watano. Kocha umempenda kuliko vijana waliokulia kwenye barafu hii. Nakuomba, wewe na kamati yako, mkae pembeni, na nakuomba hivyo kwa sababu nakuheshimu, maana nisiyemheshimu simwombi, namsema tu." Orville aliunga mkono hoja, mikono ikapanda ukumbi mzima, na katibu alipokuwa anataka kutangaza matokeo, Metro alisema, "Subiri, bado mmoja," akanyoosha mkono wake mwenyewe.

Familia haitaficha kwamba baada ya hapo Metro alilala chumba cha chini, Verna akapika na kuacha chakula mezani, akilia akiwa peke yake jikoni kwa hofu kwamba ameshinda mkutano na kupoteza mume, hadi Jumatatu moja asubuhi mlango wa saluni ulipofunguka, Metro akaingia, akapanga foleni kama wateja wengine, na zamu yake ilipofika akakaa, akasema, "Punguza pembeni. Na wewe ulikuwa sahihi." Verna alimfunga kitambaa, na Orville, aliyekuwepo, anasema hajawahi kuona mtu akinyolewa polepole namna ile.

Siku Lindqvist, aliyeachishwa kazi na kamati mpya, alipokuwa anapakia vitu vyake garini, Verna alimpelekea sinia la perohi, maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi na jibini, akamwambia, "Wewe si mtu mbaya, Garth, ni kocha mbaya tu, kula njiani," naye akacheka hadi akakaa juu ya boksi.

Timu ilikabidhiwa kwa mwalimu Bonnie Cardinal, binti wa hapa hapa, na haikupaa kwa siku moja, ila vijana wa mji walirudi, na mwaka 2016 ilifika fainali na kushindwa katika dakika za nyongeza, na watu elfu mbili walisimama wakipiga makofi kwa timu iliyofungwa, Verna na Metro wakiwa viti vya pamoja, na alipoulizwa kama haumii, alisema, "Naumia sana, lakini sioni haya."

Oktoba 2023 Verna aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Saskatoon kisha hapa nyumbani, akaubeba ugonjwa bila kunung'unika, isipokuwa pale Korongo walipobaki pungufu ya wachezaji wawili barafuni, na Jumamosi tarehe 2 Machi 2024, saa tisa alasiri, katika hospitali yetu ya wilaya, akiwa na Metro, Larysa na Taras kando yake, alipumua mara ya mwisho kwa utulivu, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, akiacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, majirani waliosafisha theluji mlangoni kwetu bila kuombwa, wateja wake wa saluni, mwalimu Cardinal na vijana wa Korongo waliobeba jeneza, na kwa namna ya pekee tunamshukuru kocha Garth Lindqvist, aliyeketi kule nyuma, ambaye ameendesha gari tangu alfajiri katika barabara hii mbaya, na alipoulizwa mlangoni ametokea upande gani wa familia, alijibu kwamba yeye alifukuzwa kazi na marehemu, na hajawahi kufukuzwa vizuri vile. Kocha, tafadhali usikae huko nyuma, njoo mbele, kuna nafasi karibu na Metro.

Verna, mke wetu, mama yetu, bibi yetu, umelinda lango lako hadi mwisho, sasa weka fimbo chini, upumzike kwa amani.