Risiva Mbili za Ndila

Benchi letu liko kwenye veranda ya Mulinge, fundi wa redio hapa Tulia, mkabala na kinu cha posho. Tunajiita bodi, ingawa hakuna aliyetuchagua. Kahawa ni ya chupa ya Keinan, muuzaji mbuzi tunayemwita Mizani kwa sababu hupima kila kitu kwa kukibeba. Asubuhi hiyo Ndila, mjane wa Musyimi, aliletewa na Mulinge risiva mbili kuukuu, zile mashine za kukuza sauti, achague moja, nyeusi kubwa na ya kijivu ndogo. Alitaka ya kusikilizia kaseti ya kwaya ya marehemu mumewe, ambayo ndiyo pekee iliyobaki na sauti yake. Kaseti aliiacha kwa kaunta akatuambia, "Nichagulieni iliyo nzuri," akaenda kununua unga. Mulinge naye akaenda kutengeneza maiki ya kanisa. Tukabaki sisi, na sisi tukipewa kazi ya kuongea hatuilazi.

Mizani akazibeba zote mbili, moja moja.

— Hii nyeusi imeshiba. Hii ingine naibeba na kidole.

— Uzito ndio nguvu, akasema Kilonzo, anayepiga muziki harusini na kuitwa Besi. Ukifungulia hiyo hapa, watu wako mbali kule Ikutha wanacheza.

Mwalimu Muthama, mstaafu wetu, akaweka kikombe chini.

— Ngojeni. Kuna priamp na kuna amplifaya. Priamp inapokea sauti ikiwa bado ndogo, inaitengeneza. Amplifaya inaisukuma tu mpaka kwa spika. Chukulia maji na punda. Ukichota maji ya chumvi, hata punda akuwe na nguvu aje, nyumbani utakunywa chumvi.

— Basi tuongeze punda, akasema Besi.

— Kilonzo, nimesema nini saa hii?

— Umoja ni nguvu, mwalimu.

— Mimi niwaambie kitu, akasema Mizani. Hizi mashini zinashika tabia ya mwenye alikuwa nazo. Hiyo ndogo ilikuwa ya pasta. Kwaya inatoa safi, ukiweka muziki wa benga inakohoa.

— Ni ukweli, akasema Besi. Na nyeusi ilikuwa ya baa. Ndio maana haichoki.

— Kwa hivyo ikiwekwa mahubiri italewa? akauliza Mwalimu.

— Mwalimu, mkono mtupu haulambwi.

Nikamuuliza Besi kulambana kunaingilia wapi kwa amplifaya. Akaomba kahawa.

Tulipiga kura. Nyeusi ilishinda, hata Mwalimu aliinua mkono, maana alikuwa amechoka. Ndila aliporudi na unga wake tukampa matokeo.

— Asanteni. Kaseti imesemaje?

Tukaangalia vikombe. Kaseti ilikuwa pale pale alipoiacha.

Tukaingia dukani. Besi akaiweka kaseti kwenye deki na kuifungulia nyeusi sauti mpaka mabati yakatetemeka. Kwaya ilijaa barabara nzima, na nyuma yake mvumo kama mvua kubwa. Ndila akatikisa kichwa.

— Wimbo naujua. Kabla ya wimbo kuna mahali Musyimi ananiita. Ni gani inatoa hapo?

Hilo ndilo tulipaswa kuuliza kwanza. Kusema kweli niliona aibu.

Mwalimu akahamisha waya kwenye ile ndogo. Besi akapunguza sauti, kitu sijawahi kumwona akifanya, tukainama wote. Ndani ya kaseti kuku akalia. Mtu akasafisha koo. Kisha Musyimi, kwa Kikamba chake cha pole pole, kama amesimama hapo kaunta:

— Ndila, funga huo mlango.

Ndila alijishika kifua. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

— Ndiye, akasema. Rudisheni tena.

Kinu cha posho kilikuwa kimeanza kusaga. Besi akainuka, akaufunga mlango.