Mdhamini wa Mashine ya Uyole: Maisha ya Zabron Saulo Kikoti

Zabron Saulo Kikoti alifariki dunia siku ya Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, katika hospitali ya Tosamaganga, mkewe akiwa pembeni ya kitanda, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, miezi tisa na siku tatu.

Mchungaji, viongozi wa kijiji cha Kalenga, wajumbe wa bodi mliotoka Mbeya, ndugu wafiwa na waombolezaji wote, kamwene. Mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee historia yake. Tarehe mtakazozisikia zimetoka kwenye vyeti na barua alizoacha, na palipokosekana karatasi nimewauliza watu wawili au zaidi waliokuwepo. Familia imeniagiza pia nilieleze wazi jambo la dhamana ya nyumba yake ya Kihesa, Iringa mjini, kwa kuwa tangu Jumatano limesemwa sana hapa msibani, na si yote yaliyosemwa ni kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1971 hapa Kalenga, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Saulo Kikoti na mama Juliana, ambao wote wametangulia, na alibatizwa mwaka huohuo katika usharika wetu. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akachaguliwa kuendelea na sekondari, na ili ada ipatikane baba aliweka plau yake rehani kwa mfanyabiashara mmoja wa Iringa mjini mwezi Novemba 1985. Plau ilirudi mwezi Machi, mvua zikiwa zimekwisha kupandiwa, na msimu ule familia ililima kwa jembe la mkono na kuvuna magunia manne, wakati mwaka uliotangulia tulikuwa tumevuna kumi na tano. Zabron alimaliza kidato cha nne mwaka 1989, na mwaka 1992 alipata cheti cha hesabu za ushirika mjini Moshi.

Kuanzia mwaka 1993 alikuwa mtunza hesabu wa chama kimoja cha ushirika wa mazao mkoani Iringa, hadi chama hicho kilipofungwa mwaka 1999, kisha akafanya kazi hiyohiyo katika duka la pembejeo. Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na mwalimu Eveline Mgongolwa katika kanisa la Kihesa, wakajaliwa watoto watatu, Brayson aliyezaliwa mwaka 1998, Frida mwaka 2001 na Samwel mwaka 2006. Nyumba ya Kihesa walianza kuijenga mwaka 2002 na kuhamia mwaka 2011, matofali yakitoka kwenye mshahara wa marehemu, na bati, milango na madirisha yakitoka kwenye mkopo wa ualimu wa shemeji yetu, ambao aliumaliza kulipa mwaka 2016. Hati ya nyumba iliandikwa jina la mume.

Mwezi Aprili 2010 marehemu aliajiriwa na Mfuko wa Mbegu jijini Mbeya, mfuko wa mikopo midogo ulioanzishwa mwaka mmoja kabla na sharika tano, kwa fedha za sadaka, ili watu wasiokopesheka benki wapate mtaji. Wakopaji walikaa katika vikundi vya watu watano wanaodhaminiana, kikao kilianza kwa sala na kuendelea kwa marejesho, na mtu mmoja asipoleta, wanne waliobaki walimlipia kabla ya kutawanyika. Kila baada ya wiki mbili, Ijumaa, alipanda basi kuja Iringa, na Jumapili mchana alirudi. Mwaka 2014 wapo wazee waliotaka mfuko usikopeshe wasio Wakristo, naye aliwaomba wamwonyeshe kifungu cha katiba ya mfuko kinachosema hivyo, na kwa kuwa hakikuwepo, Waislamu wa Mbeya wakaanza kukopa. Mwaka 2016 alifanywa mkuu wa mikopo.

Kosa lake la kazini aliliandika mwenyewe, na nakala ninayo. Mwezi Januari 2018 alikwenda na wenzake nyumbani kwa fundi mmoja mwanamke eneo la Ilomba, ambaye alikuwa nyuma kwa marejesho matatu, wakabeba cherehani yake katika wiki ambayo wazazi walikuwa wakishonesha sare za shule. Iliuzwa kwa shilingi laki moja na ishirini, deni likabaki zaidi ya laki nne, na fundi yule akahama Mbeya bila kulipa hata senti. Katika taarifa yake kwa bodi marehemu aliandika kwamba Maandiko yanamkataza mwenye kukopesha kushika rehani jiwe la kusagia, kwa kuwa ni kushika uhai wa mtu, na akaomba vifaa vya kazi viondolewe kwenye dhamana. Bodi ilikataa. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa, kwa kuwa fedha zilikuwa za washarika, wengine wajane, na mzee Asukile Mwambene, mwenyekiti, ambaye yupo hapa na ameniruhusu kulisema hili, aliuliza wakiacha vifaa watashika nini, mikono ya watu?

Walichokubali, mwaka 2019, ni kifungu kingine alichokiandika marehemu, kinachosema kwamba mdhamini akifariki, mwenza wake ana siku kumi na nne za kujitoa bila kudaiwa chochote, na mfuko utarudi kwenye mali ya mkopaji.

Mwezi Juni 2022 mfuko ulimkopesha Bi. Mwantumu Selemani, mzaliwa wa Mbeya, mjane, fedha za kununua mashine ya kusaga na kukoboa iliyofungwa Uyole. Mwezi Februari 2023 mota iliungua, kikundi chake kikalipa mara mbili kisha kikashindwa, na tarehe 5 Mei bodi iliamua kukamata mashine, deni likiwa shilingi milioni kumi na moja na laki nne. Marehemu aliomba mkopo upangwe upya kwa miezi ishirini na minne, mota isukwe nyaya upya, na mashine iachwe isage. Mwenyekiti alimjibu kikaoni, na maneno haya yameandikwa kwenye muhtasari, “Zabron, hapa si ibadani. Ukitaka kusimama badala yake, simama na hati.”

Alisema atasimama nayo. Aliondolewa kwenye faili la mkopo ule, kama taratibu zinavyotaka, na akapewa hadi mwisho wa Juni kuleta hati pamoja na ridhaa ya mke.

Ridhaa hakuipata. Alipofika Kihesa na kueleza, shemeji alimwambia, “Bati hizi nimezilipa miaka mitano, na huyo mama simjui hata sura,” na kwa wiki tatu fomu ilikaa juu ya kabati bila kuguswa. Watoto wanasema wazazi walikuwa wakizungumza kuhusu chakula na ada tu. Likizo ya Juni ilipoanza, shemeji alinunua daftari la kurasa arobaini na nane, akapanda basi la Mbeya, na kuanzia Jumatatu tarehe 12 hadi Jumamosi tarehe 17 Juni 2023 alikaa kwenye mashine ya Uyole, ambayo mota yake ilikuwa imeshasukwa, tangu inawashwa mpaka inazimwa, akiandika kila debe lililopita.

Bi. Mwantumu hakupendezwa, na siku ya kwanza alimuuliza mbele ya wateja, “Mwalimu, umekuja kunihesabia pumzi?”

“Nahesabu debe, dada. Pumzi ni zako.”

Siku ya pili wateja walikuwa wameshampa jina la Mkaguzi, na mzee mmoja alimwomba amwandikie debe moja la ziada ili akalionyeshe kwa mkewe. Siku ya tatu Bi. Mwantumu alimletea kigoda na chai. Siku ya nne mwendesha mashine aliugua, foleni ikavurugika, na shemeji akawapanga watu kwa mstari kama wanafunzi wa darasa la pili, wakapangika. Daftari lile, ambalo bado lipo, linaonyesha debe arobaini na moja Jumatatu, debe mia moja na kumi na nane Jumamosi, na jumla ya mia nne thelathini na saba kwa wiki. Alitoa umeme, alitoa mshahara wa kijana wa mashine, na kilichobaki kilitosha rejesho la shilingi laki nne na sabini na tano kwa mwezi, bila kubaki kingi.

“Hesabu yako inakaa,” shemeji alimwambia Bi. Mwantumu jioni ya Jumamosi. “Ila ukinitia hasara, nitakuja kukaa hapahapa mpaka nizeeke.”

Naye akajibiwa, “Karibu, mkeka upo.”

Jumatatu tarehe 19 Juni 2023 shemeji alisaini ridhaa, na mashine ikabaki Uyole. Kuanzia Julai mwaka huo hadi Desemba 2024 yalilipwa marejesho kumi na nane, yote kwa wakati.

Mwezi Agosti 2024 marehemu alianza kushindwa kumeza ugali, kisha wali, na tarehe 2 Septemba madaktari wa Mbeya walimwambia ana saratani ya umio. Alipelekwa Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi mwezi Oktoba na Novemba, akarudi Kihesa tarehe 6 Desemba akiwa anaishi kwa uji na maziwa, na tangu tarehe 20 Februari alilazwa Tosamaganga. Katika muda huo mahindi yalipanda bei, watu wa Uyole wakawa wanasagisha nusu debe, na rejesho la Januari halikulipwa, wala la Februari. Masharti yanasema yakikosekana matatu mfululizo mfuko unaweza kuuza dhamana. Notisi ilifika Kihesa tarehe 3 Machi, shemeji akaiweka kwenye mkoba wake wa shule, na kwa siku sita hakumwambia mumewe.

Jumapili tarehe 9 Machi, mimi nikiwepo, marehemu alimuuliza mkewe kama Uyole wamelipa. Shemeji alimwonyesha notisi. Aliisoma yote, akamrudishia, akasema kwa sauti iliyokuwa imebaki, “Kifungu cha kujitoa nilikiandika mimi. Kipo kwa ajili yako.”

Shemeji alimuuliza yeye angetaka iweje. Hakujibu, na siku tatu baadaye alifariki. Nalisema hili kwa sababu imeenea habari kwamba aliacha wosia wa kuilinda mashine, na nyingine kwamba aliacha wosia wa kuinusuru nyumba. Hakuacha wosia wowote juu ya deni hili, na wa mdomo haupo.

Alhamisi tarehe 13 Machi kikao cha ukoo kilikaa Kihesa na kuamua kwa kauli moja ya wanaume waliokuwepo, nami nikiwa mmoja wao, kwamba shemeji ajitoe. Baba mdogo alimwambia kwamba mume amekwenda na nyumba isimfuate, na fomu ya kujitoa ikajazwa, ikabaki sahihi. Shemeji alisikiliza, akaomba akaandae nguo za marehemu.

Jana Ijumaa, saa tisa alasiri, Bi. Mwantumu aliwasili kutoka Mbeya akiwa amefunga, maana ni Ramadhani, pamoja na wanawake wawili wa kikundi chake na mifuko minne ya unga. Baadhi yetu tulimtazama mikononi, naye aliona. Alimpa shemeji mkono wa pole, akasema watu wote wakisikia, “Sijaja na rejesho, mwalimu. Sina. Nimekuja kuzika.” Akakaa chini na wanawake wenzake, na jioni akafuturu hapohapo kwa uji wa msibani.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, mjukuu mmoja na ndugu watano. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tosamaganga, wa Mbeya na wa Dar es Salaam, majirani wa Kihesa waliopokezana kumpeleka hospitali kwa magari yao, walimu wenzake shemeji waliomfundishia vipindi tangu Februari, mchungaji na wanakwaya, uongozi wa Mfuko wa Mbegu uliogharamia jeneza na usafiri, na ninyi nyote mliochanga, mliopika na mliochimba kaburi. Kwa desturi yetu, yeyote aliyemdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa naye, aje kwa familia baada ya mazishi, atapokelewa bila ugomvi. Rambirambi zenu ni za msiba, na hakuna shilingi itakayotolewa humo kulipia mkopo wa mtu.

Kaka Zabron, kazi yako umeikabidhi, Mungu akupumzishe kwa amani katika udongo wa Kalenga.

Taarifa ya mwisho ni hii. Leo Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, kabla jeneza halijatolewa Kihesa, Eveline Mgongolwa aliirudisha kwa mzee Asukile fomu ya kujitoa ikiwa haina sahihi, akaomba fomu ya dhamana, akaisaini kwa jina lake mwenyewe, na watoto wote watatu wakasaini kama mashahidi. Yamebaki marejesho sita. La Machi linatakiwa tarehe 31, na hadi ninaposoma hapa halijalipwa.