Viti vya Mzee Pima

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Pima, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa tatu kati ya sita. Mimi ninayewasomea ni binti yake wa kwanza. Mnivumilie sauti ikikatika.

Alisoma hadi darasa la sita. Mwalimu wake wa hesabu alimpenda kwa vipimo na kumchapa kwa mengine yote. Mwaka 1956 aliingia karakana ya mjomba wake kujifunza useremala, na maranda hayakumtoka nyweleni mpaka nywele zenyewe zilipomtoka.

Alimwoa mama yetu tarehe 2 Septemba 1967. Kabla hata hawajasemezana, alifika kwao na kigoda, akamkaribisha akae. Mama bado anasimulia: "Nilipokaa tu, nikajua yamekwisha. Mtu hajanigusa, kanipimia wapi?"

Kituo cha wazee kilianzia kwenye baraza ya karakana yake. Wazee watano waliokuwa wakishinda peke yao majumbani walikuja kuota jua na kucheza drafti, naye akamtengenezea kila mmoja kiti cha mwili wake. Tarehe 11 Juni 1984 alibomoa ukuta, akapata ukumbi. Kipimo cha kila mtu kilikuwa uzi wenye mafundo mawili, la goti na la kiwiko, uliotundikwa msumarini pamoja na karatasi yenye tarehe ya kupimwa. Hata yeye alikuwa na wake.

Kisha akaanza kutundika nyuzi za watu ambao hawajafika. Mwaka 1991 alitengeneza kiti chenye ubao wa kunyooshea mguu wa kulia. Muuza duka jirani akamcheka: "Fundi, hiki cha nani? Cha korongo?" Baba akasema tu, "Yuko njiani." Siku ya tisa akaingia dereva wa treni mstaafu, mguu wake wa kulia haukunjiki, akakikalia bila kuuliza, akasinzia. Muuza duka hakucheka tena. Alipozeeka naye, alikuta chake kinamngoja, akalia.

Na kila mzee alipofariki, uzi wake ulikutwa sakafuni, msumari ukiwa imara. Niseme wazi: niliuogopa ukuta ule wa nyuzi, ndiyo maana nilikaa mbali miaka yote hiyo.

Mapafu yalianza kumsumbua marehemu Novemba mwaka jana. Kamati ya kituo ikatangaza kwamba asipopatikana mtu wa familia wa kushika funguo, kituo kitafungwa mwisho wa mwezi huu, na wazee thelathini na mmoja warudi kutazamana na kuta zao. Nikamwambia, "Baba, mimi siwezi. Tafuta mwingine."

Akanijibu, "Sijakuomba, mama. Nimeshapima."

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Alasiri nilikwenda kituoni kufunga madirisha. Uzi wake ulikuwa sakafuni. Karibu na meza yake ya kazi palikuwa na kiti kipya, juu yake uzi mmoja msumarini, bado unayumba, na upepo haukuwepo.

Nilikaa nipumue kidogo. Nyayo zangu zilitua chini sawasawa. Bega langu la kushoto lilivunjika mwaka 2009, na tangu hapo limeshuka vidole viwili. Hakuna kiti ambacho mkono huu umewahi kupumzikia. Kwenye kile ulipumzika. Nikainuka kuutazama uzi. Ulikuwa na fundo la ziada, kiwiko cha kushoto kikiwa chini ya cha kulia. Karatasi ilikuwa imegeuka manjano, mwandiko ni wa Baba: 11 Juni 1984. Siku hiyo nilikuwa na miaka kumi na sita, na mabega yangu yalikuwa sawa.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, wazee thelathini na mmoja, na viti vitatu ambavyo wenyewe hawajafika. Huenda mpo hapa leo. Msiogope; mimi nimeogopa kwa niaba yenu nyote. Jumatatu nitafungua mlango saa mbili asubuhi.

Pumzika kwa amani, Baba. Kiti kimenitosha.