Mama Yetu Hakuwa Bi Kapu

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, familia imenipa mimi, binti yake wa kwanza, jukumu la kuwasomea maisha ya mama yetu, na kwa kuwa wengi wenu mliijua sura yake kabla ya kumjua yeye, naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa kuchomea vyuma, akafuatiwa na mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye mjomba wetu aliyeketi hapa mbele. Alianza shule ya msingi mwaka 1957, akafika kidato cha pili, baba yao alipofariki akaacha masomo ili mdogo wake asome, akaenda kushona vifungo katika kiwanda cha sare, na kutoka katika vifungo hivyo zikapatikana karo, karatasi na wino, maana kijana alikuwa na mkono wa kuchora, na dada yake ndiye aliyeliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwaka 1971 aliajiriwa hospitalini kama karani wa stoo ya mashuka, na mwaka huohuo mdogo wake akapata kazi katika jarida la hadithi za picha lililotoka kila mwezi, ambalo ndani yake alikuwamo mpelelezi aitwaye Sajini Macho, bondia aliyewatia adabu majambazi, na kurasa za vichekesho katikati. Sajini Macho alihitaji mwizi, na mjomba, kwa kukosa sura nyingine, au kwa kuizoea ile iliyokuwa mbele yake kila alipokula, akachora mwanamke mwenye mwanya, kidoti kidevuni, na kilemba kilichoinamia sikio la kushoto, akampa kapu la kufichia vya watu, akamwita Bi Kapu. Kila mwezi Bi Kapu aliiba, kila mwezi Sajini alimfukuza, akamkamata katika kisanduku cha mwisho, na watu wakavunjika mbavu.

Mwanzoni marehemu naye alicheka. Kisha watoto wakaanza kumfuata mtaani wakiimba, "Bi Kapu, fungua kapu," mwenye duka akawa anasogeza sabuni ndani akimwona, naye akaacha kubeba kapu, akawa anaenda sokoni na mfuko wa nailoni ulioonyesha nyanya mojamoja. Alimwendea mdogo wake ofisini kumwomba abadilishe ile sura, akajibiwa, "Dada, watu wanampenda, nikimwondoa gazeti linakufa." Akamwambia basi, chora siku moja tu Sajini amekosea, amwombe radhi mbele za watu, na mjomba akaahidi kwamba ni mwezi ujao.

Mwezi ujao haukufika. Mwaka 1976 mashuka ya wodi ya wazazi yalipotea, marehemu akaitwa mbele ya kamati, na katibu, kabla ya swali la kwanza, akaweka jarida mezani, wakubwa wakacheka mpaka wakafuta machozi, na mama akarudi nyumbani hana kazi. Toleo lililofuata, Bi Kapu aliiba mashuka. Miaka miwili baadaye alikamatwa dereva wa gari la dobi, mama akarudishwa hospitalini, lakini kama mhudumu wa wodi, si stoo tena, na hakuna aliyemwambia hata pole.

Tarehe 3 Septemba 1979 alifunga ndoa na baba yetu, fundi viatu, ambaye shangazi zake walipomwonya kwamba anaoa mwizi, aliwajibu kwamba wamechelewa, ameshaibiwa, hana kilichobaki. Walijaliwa watoto watatu, na tulilelewa tukikatazwa kuokota hata kalamu njiani. Jarida lilikufa mwaka 1984, baba akatangulia mwaka 2004, lakini Bi Kapu hakuzeeka, na miaka ya karibuni wakusanyaji wa majarida ya zamani walikuja mlangoni kuomba kupiga picha na mama, wamemletea na kapu alishike. Aliwapa chai, kapu akalikataa.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na mjomba akaja wodini na kurasa mbili alizochora, Sajini amevua kofia, anamwomba Bi Kapu radhi mbele ya umati. Mama alizitazama kisanduku kwa kisanduku, akamrudishia.

"Umechora vizuri, mdogo wangu," alimwambia. "Sasa nani atasoma?"

Kisha mama akageukia ukutani. Alifariki tarehe 19 Juni mwaka huu, asubuhi, tukiwa naye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wahudumu wenzake waliomvalisha sare yao kwa heshima, na majirani waliopika na kukesha nasi. Mjomba tunamshukuru kwa jeneza na magari, na mbele yenu nyote tunamwomba asimchore tena.

Pumzika kwa amani, mama. Hakuna anayekufukuza.